Picha nayo ni neno: tujifunze kuitengeneza na kuilinda



Miaka 2 iliyopita nilipeleka dosie yangu ya kuomba kazi kwenye duka la fotokopi. Waliomba foto yenye nyuma nyeupe, lakini ile niliyokuwa nayo, nyuma yangu kulikuwa ukuta wa mabanzi na nguo za kaka zimeanikwa. Kijana wa duka, hajamaliza hata sekondari, alinikalisha, akafungua foto kwenye mashini, akanikata pale, akaniweka mbele ya weupe, akanyoosha mwanga wa uso. Dakika 3. Nikalipa. Kiisha akasoma CV yangu, akauliza: "Grand, weye uko na lisanse, na hii kitu haujue?"

Watu wa foleni walicheka. Miye pia nilicheka. Lakini nilirudi nyumbani na lile swali. Siku ile, kati ya sisi wawili, yeye njo alikuwa na kazi. Ile kazi niliyoomba, mpaka leo hawajanijibu.

Acheni niwaambie namna tulisoma informatiki kwenye chuo kikuu. Profesa alichora klavye ubaoni kwa chaki. Tukakopi. Kwenye mtihani wakauliza sehemu za ordinatere, nikaandika zote, nikapata 14 juu ya 20. Nilikuwa sijagusa mashini hata mara moja. Wengi wenu munaosoma hapa mumepita kwenye ubao kama ule ule.

Njo maana leo tunaandika juu ya kitu ambacho wengine wataona ni kidogo: kujifunza msingi wa michoro ya kompyuta na kutengeneza picha. Siyo kidogo. Ndani yake kuko mkate, kuko ukweli, na kuko usalama wa watu wetu.

Picha ni nini kabisa?

Chukua foto ya telefone, uivute kwa vidole viwili mpaka mwisho. Utaona viraba vidogo vidogo, kila kimoja na rangi yake. Vinaitwa pikseli. Foto yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu iko na pikseli milioni 12. Na kila pikseli ni namba 3: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani, kila moja toka 0 mpaka 255. Ukipiga hesabu unapata rangi zaidi ya milioni 16. Hakuna uchawi. Kutengeneza picha ni kubadilisha zile namba kwa akili.

Ukielewa hapo, unaelewa pia kwa nini banderoli zetu zinatoka vibaya. Tulishatoa logo kwenye WhatsApp, ndogo, ya pikseli 500, tukaipeleka wachape kwenye kitambaa cha mita 2. Gawanya mita 2 kwa 500: kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 4. Ilionekana kama sakafu ya karo. Tulilipa, na pesa haikurudi. Makosa haikuwa ya mashini ya kuchapa.

Kuko namna mbili za picha. Ile ya pikseli ni kwa foto. Ile nyingine, ya vekta, haishike viraba. Inashika maelezo: mstari utoke hapa ufike pale, upinde hivi, ujazwe bluu. Ukiikuza hata iwe kubwa kama nyumba, inabaki safi. Kwa hiyo logo na maandishi ya afishi vichorwe kwa vekta, foto zibaki pikseli. Kwa karatasi ya A4 ya kuchapa vizuri, unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Andika hizi namba mahali, zitakuokolea pesa.

Rangi nazo ziko na mtego. Kioo cha telefone kinatoa mwanga. Karatasi haina mwanga, inapakwa wino: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Njo maana ile samawati ya bendera yetu inawaka kwenye telefone, lakini ikifika kwenye karatasi inalala. Omba wakuchapie kipande kidogo kwanza, uone, kiisha uagize 200.

Kitu cha mwisho cha msingi, na kwangu njo kikubwa, ni tabaka. Wale wa duka wanasema kalke. Fikiri vioo vinavyopandana. Chini unaweka foto, juu yake rangi, juu tena maandishi. Ukikosea jina la mahali, unagusa kioo cha maandishi peke yake, foto haiguswe. Mwanzoni miye nilikuwa naandika moja kwa moja juu ya foto. Siku tarehe ya mkutano ilibadilika, nikaanza afishi yote upya, usiku, betri iko kwenye asilimia 9. Toka siku ile nashika faili yenye tabaka zote, kiisha natoa kopi ya kutuma: JPEG kwa foto, PNG kwa logo na maandishi. JPEG inapunguza uzito kwa kutupa sehemu ya picha, na kila ukiifungua na kuihifadhi upya inatupa tena. PNG haitupe.

Kosa nililofanya

Sasa nifike kwenye kile kilichonisukuma kuandika.

Mwaka jana nilipiga foto ya vijana wakisafisha mtaro na wakiomba wakubwa watimize ahadi zao. Dada mmoja katikati yao alikuwa ameniomba uso wake usionekane. Nilichukua burashi nyeusi ya telefone, nikapitisha juu ya uso mara mbili tatu, ukawa mweusi tii. Nikatuma. Baada ya saa moja mwenzetu akaniita pembeni. Alikuwa amefungua foto ile, akaongeza mwanga mpaka mwisho, na uso wa dada ukatoka kama kwenye maji machafu yanayotulia. Macho, pua, kitenge, vyote. Ile burashi ilikuwa ya kupaka alama juu ya maandishi. Ni kioo chenye giza, siyo ukuta. Foto ilikuwa imeshapita kwenye gurupu 6.

Dada alilala kwa shangazi yake wiki 2. Mungu alisaidia, hakuna kitu kilimpata. Lakini mama yake alinitazama kwa namna ambayo sijasahau. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa sijui tu. Na kwa kazi kama hii, kutojua kunaweza kumwumiza mtu sawa na nia mbaya.

Kwa hiyo shikeni haya:

Moja. Kuficha uso, weka mraba mweusi uliojaa kabisa, siyo burashi. Ukungu na viraba vinapendeza macho, lakini vikiwa vyepesi vinaacha alama. Mraba mweusi hauachi kitu. Kiisha toa kopi ya JPEG au PNG, njo utume hiyo. Usitume faili ya tabaka, juu mtu ataondoa mraba kama mtu anavyoondoa kifuniko cha sufuria.

Mbili. Uso siyo kitu cha pekee kinachomtaja mtu. Kuko shati, kovu, pikipiki na namba yake, kibao cha duka nyuma. Angalia pembe zote 4 za foto mbele ya kutuma.

Tatu. Ndani ya faili ya foto kuko maandishi yasiyoonekana: siku, saa, aina ya telefone, na kama umewasha lokalizasio, hata mahali penyewe uliposimama. Ukituma foto kawaida kwenye WhatsApp, inashusha ubora na inaondoa yale maandishi. Ukiituma kama dokima ili ibaki safi, yote yanakwenda pamoja nayo. Zima lokalizasio kwenye kamera leo.

Ine. Ukikata sehemu ya foto, hakikisha umekata kweli. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba zana ya kukata picha kwenye telefone za Google Pixel, na nyingine ya Windows, zilikuwa zinaacha nyuma data ya sehemu iliyokatwa. Zilirekebishwa, lakini foto za zamani zilizoshatumwa hazirudi.

Yule anayejua kutengeneza anajua pia kutambua

Hapa kwetu kila siku iko na komunike yake ya uongo. Logo ya kweli, sinyatire ya kweli, maneno ya uongo. Au foto ya maiti ya inchi nyingine, wanaandika chini yake jina la kijiji chetu. Volkano yetu ilitoka 2002, ikatoka tena 2021. Foto ya lava ya mwaka mmoja inaweza kupewa tarehe ya mwaka mwingine, na watu wakakimbia na watoto mgongoni.

Ukishafanya kazi na tabaka, jicho lako linabadilika. Unaona kwamba muhuri hauna mikunjo ya karatasi. Unaona kivuli cha mtu kinakwenda kushoto, cha gari kinakwenda kulia. Unaona herufi za mstari mmoja hazifanane na za mstari wa pili. Na kama jicho halitoshi, juu sasa kuko mashini zinazotunga foto nzima ya mtu asiyekuwepo, unaitafuta ile picha kwenye Google Lens au TinEye, uone kama ilishatoka kabla.

Lakini kisu kinachokata mkate kinakata pia mkono. Atakayejifunza na sisi, aahidi: haguse sinyatire ya mtu, hahamishe mtu toka foto moja kwenda nyingine, haongeze umati ambao haukuwepo. Mwanga, ukubwa, kuficha uso: sawa. Kubadilisha kilichotokea: hapana, hata kama kunasaidia upande wetu. Tukikamatwa na uongo mmoja, foto zetu 100 za kweli zinakufa nao. Na mukumbuke, Kodi ya Nimeriki ya 13 Machi 2023 inaadhibu anayetunga habari ya uongo na anayeisambaza pia.

"Lakini hatuna mashini"

Najua. Hatuna mashini, umeme unakuja ukitaka, unite ni ghali. Miye nilianza kwa telefone yenye kioo kilichovunjika. Lakini tazameni: programu inayoitwa GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ni ya bure, siyo ya kuiba, na sheria yake inaruhusu kila mtu aikopi na ampe jirani. Inkscape kwa vekta, bure pia. Mtu mmoja anapakua, sisi wote tunachukua kwenye kle. Na ile Photoshop ya mitaani iliyovunjwa kufuli, muiache; mara nyingi inakuja na virusi, na virusi itakula CV yako mbele ya kula kitu kingine.

Anzeni hivi. Wiki ya kwanza: kukata, kukuza, mwanga, na kuficha uso. Wiki ya 2: tabaka na kuondoa kilicho nyuma ya mtu. Wiki ya 3: maandishi na rangi, afishi moja ya kweli, ya ndoa au ya mchezo wa mpira wa kartie. Wiki ya 4: logo ya vekta ya mama anayeuza unga. Mashini moja kwa watu 5, kila mtu nusu saa, wengine wanatazama na kusahihisha. Unajifunza sana kwa kutazama makosa ya mwenzako.

Miye leo sijawa tajiri. Lakini mwezi uliopita nilitengeneza afishi 7, nikalipa unite na nikamnunulia mama mkaa. Bado natafuta kazi ya lisanse yangu. Sasa natafuta nikiwa nimekula.

Kwa wale wenye kuongoza vyuo: tunaomba muondoe ile klavye ubaoni. Mashini 10 za zamani na programu za bure zinatosha kuanza. Kama hakuna pesa, mutuachie chumba na umeme saa 2 kwa wiki. Wa kufundisha tutawatafuta kati yetu. Kwa maburugumesti: fungueni salle ya komini Jumamosi.

Na kwetu sisi wenyewe: usingoje jibu lao. Nchi hii imekuwa ikisema kwa picha kabla ya intaneti. Miaka ya 1970, kule Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi kwenye picha zaidi ya 100, kwa burashi na rangi, hakungoja ruhusa ya mtu. Sisi tuko na telefone mfukoni.

Nilirudi kwa yule kijana wa duka. Nilimwomba anifundishe. Alicheka, akasema: "Grand, leta kiti." Hakuniomba hata faranga. Sasa miye ninafundisha watatu, na yule dada wa mtaro ni mmoja wao. Jambo la kwanza aliloomba kujifunza ni mraba mweusi.

Nawe, leta kiti.