Mkimbiaji wa Tano Naye Ana Afya ya Kulindwa

Mbio za nyika za vyuo zinapotajwa, wengi wetu huuliza swali moja tu: nani alishinda? Wakenya tuna sababu ya kuuliza hivyo. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1976, 1977 na 1979. Sally Kipyego wa Texas Tech alinyakua taji la wanawake mara tatu mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2008. Edward Cheserek wa Oregon naye akashinda 2013, 2014 na 2015. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Doris Lemngole wa Alabama.

Leo hata hivyo sitaki tumzungumzie mshindi. Nataka tumtazame yule anayemaliza wa sabini au wa themanini, huku kocha akimpigia kelele kuliko wote.

Yapo maelezo. Katika mashindano hayo ya Marekani, kila timu huwa na wakimbiaji saba, na watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Nafasi zao hujumlishwa, na chuo chenye jumla ndogo zaidi ndicho bingwa. Mwaka 2024 Lemngole alitangulia wote, lakini taji la timu ya wanawake likaenda Brigham Young. Kwa hivyo mkimbiaji wa tano akizembea, kazi ya wenzake wanne huharibika. Yeye ndiye hukimbia na homa, na ndiye huficha maumivu ya mguu, kwa kuwa hataki kuwaangusha wenzake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na makocha wengi. Wao husema huo ni ushujaa. Mimi nasema ni hatari, na kijana wa miaka 20 hapaswi kuachiwa aamue peke yake.

Tuanze na homa. Mafua madogo ya puani huenda yasimzuie mtu kukimbia. Lakini akiwa na joto mwilini, viungo vikiuma, au kifua kikiwa kizito, asishiriki. Baadhi ya virusi huweza kuushambulia msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo huweza kuuvuruga mpigo wa moyo hata kusababisha kifo. Na hapa kwetu homa yaweza kuwa malaria. Mtu kama huyo mahali pake ni zahanati, si kwenye mstari wa kuanzia.

Pili ni chakula. Ipo imani kwamba mkimbiaji mwembamba ndiye mwepesi, na wasichana ndio huumia zaidi kwayo. Mwili usiopata chakula kinachotosha mazoezi yake hupunguza kazi nyingine ili uokoe nguvu. Hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, na nyufa ndogo hutokea mguuni. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii na kueleza kwamba huwapata wanaume pia. Ikiwa binti yako mwanariadha amekosa hedhi kwa miezi mitatu, usimwambie kuwa hayo ni mambo ya kawaida kwa wanaofanya mazoezi. Mpeleke kwa daktari.

Apimwe pia damu, maana upungufu wa madini ya chuma huwachosha wakimbiaji wengi, na kocha asiyejua humwita mvivu. Maharagwe, ndengu, mboga za kijani na nyama vitamsaidia. Ampe tumbo nafasi kabla ya kunywa chai, kwa sababu chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo yasiingie mwilini vizuri. Chungwa au pera, kwa upande mwingine, huyasaidia kuingia.

Tatu ni pale kwenye utepe. Mkimbiaji akianza kuyumba, akichanganyikiwa na kusema maneno yasiyoeleweka, usidhani ni uchovu tu. Huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Umati usimzunguke, na asilazimishwe kunywa maji akiwa hana fahamu kamili. Mpelekeni kivulini na kumwita daktari, kisha mumtie katika karai kubwa la maji baridi, kichwa kikiwa juu ya maji, mtu akimshika. Ikiwa hakuna karai, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Madaktari wa michezo hushauri apozwe kwanza ndipo asafirishwe, kwa kuwa kila dakika inayopotea huhatarisha ubongo na figo.

Karai, maji na barafu si vitu vya gharama kubwa. Chuo kinachoweza kununua vikombe vya washindi kinaweza kuvipata. Na kabla ya siku ya mbio, mtu mwenye ujuzi wa tiba, si kocha, apewe uwezo wa kusema, "Huyu hakimbii leo," na neno lake liheshimiwe.

Wewe mzazi, kijana wako akipiga simu usiku wa kuamkia mashindano, usimuulize tu kama atashinda. Muulize amekula nini, amelala vipi, na kama kuna mahali panapomuuma. Akikuambia ana homa lakini timu inamtegemea, mwambie akae. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mashindano yatarudi mwakani, naye awe hai na mzima wa kuyakimbia.