Masikio ya Mtoto Yasingoje

Mtoto akizaliwa kijijini kwako huangaliwa mambo mengi. Hupimwa uzito, hutazamwa kitovu, huchanjwa. Masikio je? Mara nyingi masikio huachwa mpaka mtoto afike miaka mitatu au minne bila kusema neno. Hapo ndipo watu huanza kuulizana. Bibi atasema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kusema." Mwingine atashauri mtoto akatwe kimeo. Kukata kimeo hakumfanyi mtoto asikie. Kunaweza kumtoa damu nyingi na kumwambukiza maradhi.

Sisi tunaona kwamba kungoja huko humwumiza mtoto kuliko uziwi wenyewe. Ubongo hujifunza lugha kwa urahisi zaidi katika miaka ya mwanzo. Mtoto akikosa lugha wakati huo, iwe ya mdomo au ya mikono, kumfidia baadaye ni kazi ngumu sana.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelifanyia kazi jambo hili. Mwaka 1978 mtaalamu David Kemp, huko London, alionyesha kuwa sikio zima likipelekewa sauti hurudisha mwangwi mdogo. Kutokana na hayo kilitengenezwa chombo cha kuwapima watoto wachanga. Kizibo laini huwekwa sikioni mtoto akiwa amelala, na chombo husikiliza mwangwi. Hakiumizi, na kazi huchukua dakika chache tu. Mwaka 1998 utafiti wa Colorado, Marekani, ulionyesha kuwa watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na kusaidiwa walikuwa na lugha nzuri kuliko waliochelewa. Ndiyo sababu wataalamu husema: mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, ithibitishwe kabla ya miezi 3, aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6.

Hapa Tanzania nako kuna hatua. Mwaka 2014 chanjo ya rubela iliunganishwa na ya surua. Rubela ikimpata mama mjamzito huweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji wa kupandikiza vifaa vya kusikia, ambao zamani watoto walipelekwa nje ya nchi kuufuata. Hayo ni mema. Lakini mama aliye mbali na mji hayamfikii kwa urahisi, na chombo cha kupima hakipo katika kila zahanati. Kwa hiyo tunashauri siku ya mizani kila mama aulizwe: mtoto huyu anasikia?

Nawe usingoje kuulizwa. Mtoto akifika miezi sita, mpakate mahali palipo kimya. Mwenzako asimame nyuma, pembeni kidogo, atikise funguo taratibu, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Mtoto anayesikia hugeuka. Mtoto asione kivuli, wala msipige makofi karibu naye, maana atageuka kwa upepo wa mikono nanyi mtadanganyika. Wengi hudanganyika pia kwa sababu mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa sauti miezi ya mwanzo.

Asipogeuka, rudia siku nyingine. Asipogeuka tena, nenda zahanati uombe barua ya kwenda hospitali yenye mganga wa masikio. Ukiambiwa ungoje akue, omba barua hiyo tena. Huenda ni usaha tu, nao hutibika. Usimtie mafuta wala njiti sikioni.

Akithibitika kuwa hasikii vizuri, baadhi ya watoto husaidiwa na shimesikio, lakini ulizia betri zitapatikana wapi, kwani bila betri kitawekwa sandukuni. Kwa wengine lugha ya alama ndiyo njia. Wako wazazi wanaoikataa wakiogopa kuwa itamzuia mtoto kusema. Haimzuii. Humpa lugha ya kufikiri na ya kuongea na nduguze. Baba naye ajifunze, asimwachie mama peke yake.

Shule za viziwi zipo, kama ya Tabora iliyoanza 1963 na ya Buguruni, Dar es Salaam, iliyoanza 1974. Viongozi wa Chama cha Viziwi Tanzania wanaweza kukuelekeza kwa watu wanaojua alama. Mwulize pia afisa elimu wa wilaya shule iliyo karibu, na umwulize mtoto akiwa bado mgongoni.