Kundi la Bloomsbury na Ukweli wa Wachache

Tarehe 7 Februari 1910, ndani ya treni iliyotoka London kwenda Weymouth, vijana wa Kiingereza walikuwa wakijifunza Kiswahili harakaharaka. Horace de Vere Cole, kiongozi wao, alikuwa na kitabu cha sarufi, na Adrian Stephen, aliyepangiwa kuwa mkalimani, akakisoma njiani. Wenzao, akiwamo dada yake Virginia na mchoraji Duncan Grant, walikuwa wamejipaka rangi nyeusi na kuvaa vilemba na ndevu za bandia. Walipanda manowari ya HMS Dreadnought wakijiita wana wa kifalme wa Uhabeshi, wakapokewa kwa heshima zote. Bendi ilikosa wimbo wa taifa wa Uhabeshi, ikapiga wa Zanzibar. Kiswahili kilipomwishia Adrian, akaendelea kwa Kilatini cha mshairi Virgil alichokivuruga.

Uingereza husimulia kisa hiki kama mzaha uliowaumbua wakuu wa jeshi la majini. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna haki ya kukisoma kwa jicho jingine.

Virginia huyo ndiye mwandishi Virginia Woolf wa baadaye. Baada ya baba yao kufariki mwaka 1904, yeye na ndugu zake walihamia nyumba namba 46, Gordon Square, mtaa wa Bloomsbury. Kaka yao Thoby aliwaalika rafiki zake wa Cambridge kila Alhamisi usiku: Lytton Strachey, Clive Bell na wengine. Mapenzi, dini, sanaa, yote yakajadiliwa mbele ya wanawake bila kuficha. Ndivyo lilivyoanza kundi la Bloomsbury.

Uhuru huo ulizaa kazi kubwa, na anayebeza hilo hawatendei haki. Mwaka 1917 Virginia na mumewe Leonard walinunua mashine ndogo ya kuchapia, wakaiweka katika chumba cha kulia. Mwaka 1923 wakatoa kitabu cha shairi la T. S. Eliot, The Waste Land, herufi zake zikiwa zimepangwa kwa mkono. Vanessa, dada yake Virginia, alichora majalada ya vitabu vyao. Kuanzia hapo Virginia hakuhitaji kumbembeleza mchapishaji yeyote.

Lakini ukweli waliousifu haukumfikia kila mtu, hata nyumbani kwao. Vanessa alikuwa mke wa Clive Bell, ila aliishi na Duncan Grant, na mwaka 1918 akamzaa binti yao, Angelica. Mtoto akalelewa akiamini baba yake ni Clive. Wakubwa wote waliokaa naye walijua. Yeye aliambiwa akiwa karibu mtu mzima. Mwaka 1942 aliolewa na David Garnett, aliyewahi kuwa mpenzi wa Duncan, na hilo pia wazazi wake hawakumweleza. Uchungu wake aliuandika katika kitabu cha mwaka 1984.

Wanaoandika habari za kundi hili huishia hapo, kwenye nani alilala na nani. Humpita Leonard, aliyerudi kutoka utumishi wa kikoloni Ceylon (leo Sri Lanka) mwaka 1911 akiwa ameuchoka ukoloni. Mwaka 1920 alitoa Empire and Commerce in Africa, akionyesha kwa nyaraka jinsi tamaa ya faida ilivyoisukuma Ulaya kunyakua ardhi ya Waafrika. Zanzibar na Afrika Mashariki zimo, safari hii kama nchi zenye watu walionyang'anywa mali yao. Kitabu hiki kinastahili nafasi kubwa kuliko picha za ndevu za bandia, na vyuo vyetu vinavyomfundisha Virginia vimfundishe pia mumewe.