Msikilizeni mtoto akisoma

Katika shule za msingi za Kongo kuna karatasi ambayo mwalimu haingii darasani bila kuwa nayo: fishi ya maandalizi. Ina ngazi zake, na wazazi waliosoma zamani wangezitambua mara moja. Kwanza marudio ya somo la jana, halafu motisha ya kuamsha hamu, kisha kutangaza kichwa cha somo, uchambuzi, muhtasari, na mwisho mazoezi. Direkta akipita asubuhi anaikagua, anatia sahihi, anaendelea na darasa linalofuata. Mkaguzi naye akifika anaanzia hapo hapo, kwenye fishi na jurnali ya darasa. Somo lenyewe huenda njia nyingine. Motisha inakwisha haraka, uchambuzi unageuka wimbo: mwalimu anasema, darasa zima linaitikia, mwalimu anarudia, darasa linaitikia kwa nguvu zaidi. Fishi imejaa, sahihi ipo, na mtoto wa benchi la nyuma bado anachanganya b na d.

Toleo hili linahusu ufundishaji katika shule za msingi za Kikatoliki za maeneo ya Masisi na Walikale, jimbo la Goma, na hoja yake kuu ni kwamba shule hizi zinakagua kitu kisicho sahihi. Zinakagua maandalizi ya mwalimu kwa bidii kubwa, ilhali usomaji wa mtoto haukaguliwi mpaka darasa la sita, siku ya mtihani wa taifa, wakati hakuna tena la kufanya.

Ukubwa wa tatizo haujifichi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wa Kongo wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuyaelewa. Hiyo ni nchi nzima, pamoja na mikoa isiyosikia mlio wa risasi.

Ni rahisi kumlaumu mwalimu kwa ule wimbo. Gazeti hili halitamlaumu. Kuitikia pamoja hakuhitaji kitabu, wala benchi, wala paa. Mwalimu aliyekimbia Kitchanga au Nyabiondo akiwa na chaki mfukoni anaweza kuendelea nako chini ya hema. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, iliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, lakini ni Septemba 2019 tu ndipo ahadi hiyo ilipoanza kutekelezwa kweli, baada ya wazazi kubeba malipo ya walimu, yale yanayoitwa prime, kwa miaka mingi. Watoto wakamiminika. Vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, vitabu ndiyo kabisa. Mbele ya umati wa namna hiyo, mwalimu mwenye ubao mmoja anafanya linalowezekana, na linalowezekana ni kuimba.

Kisha vita. Rubaya ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, Masisi Centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma tarehe 27 ya mwezi huohuo, na Walikale Centre tarehe 19 Machi kabla waasi hawajaondoka huko mwanzoni mwa Aprili. Mwezi Februari 2025 kambi za wakimbizi zilizoizunguka Goma zilivunjwa na familia zikaambiwa zirudi makwao. Watoto waliorudi Masisi hawakurudi wakiwa sawa. Mmoja alikuwa amesoma Goma mwaka mzima. Mwenzake alipoteza miaka miwili kwenye mahema. Wa tatu alikuwa akichota maji na kuuza makaa sokoni. Wote watatu wanaketi darasa la tatu, na fishi ya mwalimu inawahesabu kama mtu mmoja.

Kanisa lenyewe lina mkono wake katika desturi ya kuitikia, na gazeti linalosomwa parokiani halina budi kulisema hilo. Mkataba wa 1906 kati ya Vatikano na Kongo ya Mfalme Leopold uliwapa wamisionari ardhi ili wao nao wafungue shule, na kwa miongo mingi mwalimu wa kijijini alikuwa katekista yuleyule, kanisa la nyasi likawa darasa. Katekisimu ilikuwa ya maswali na majibu: swali la padri, jibu la watoto, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Kwa kulinda imani ilifaa. Kwa kufundisha hesabu ya sehemu na kusoma kwa ufahamu iliacha urithi mzito, na urithi huo bado unatembea katika vyumba vya shule ambavyo katekista alikwisha kuviacha zamani.

Je, kordinasyo ya shule za Kikatoliki ya jimbo la Goma ina uwezo gani wa kubadili mambo? Watu wengi hudhani ama inaweza yote, ama haiwezi lolote. Serikali ya Mobutu ilizitaifisha shule mwaka 1974, na makubaliano ya Februari 1977 yakarudisha usimamizi kwa makanisa. Tangu hapo serikali inaweka programu, inalipa mishahara na inatuma wakaguzi. Kanisa linaziendesha shule. Kwa hiyo kordinasyo haiwezi kufuta fishi wala kubuni mtihani wake. Lakini asubuhi ya direkta iko mikononi mwake. Inaweza kumwambia: leo usianze na karatasi ya mwalimu, waite watoto watatu, wape sentensi ambayo hawajawahi kuiona, usikilize.

Sentensi hiyo iwe ya lugha gani? Hapa jambo linakuwa tamu na gumu kwa pamoja. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa zilizotajwa kwenye katiba. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mtoto wa Tanzania anamaliza shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Mtoto wa Walikale mara nyingi anakutana na Kifaransa mapema mno, anakiimba vizuri, na hakielewi. Mwalimu anajua hivyo. Ndiyo maana anaeleza kwa Kiswahili kisha anaandika ubaoni kwa Kifaransa, mtoto ananakili asichokisikia na kusikia asichokiandika.

Hata hivyo Kiswahili si lugha ya mama kwa kila mmoja. Katika milima ya Masisi mtoto anaamkia Kihunde au Kinyarwanda. Walikale, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu mara tano ya Masisi, kuna Kinyanga, Kikano, Kikumu na nyingine. Sokoni na kwenye miji ya machimbo Kiswahili kinatawala. Ndani ya msitu, mwendo wa siku moja kwa miguu, hali ni tofauti. Kuna kitu kingine ambacho wenye shule wa eneo hilo huogopa kukitaja kwa sauti: kuchagua lugha ya kijiji kimoja darasani, mahali ambapo majirani wamepigana, kunaweza kuonekana kama kuchagua upande. Kiswahili hakina upande huo. Kwa sababu hiyo, na si kwa sababu ni lugha ya gazeti hili, kinastahili darasa la kwanza na la pili, huku mwalimu akiruhusiwa kushuka kwenye lugha ya nyumbani mtoto anapokwama.

Cha kusoma kipo. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo, mtoto wa chifu aliyekataliwa na baba yake, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliuchapisha Marekani. Unasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Kurasa chache zake kwa Kiswahili chepesi zingetosha robo mwaka ya darasa la tatu pale Walikale, na watoto wangepata la kubishana kuhusu baba mbaya na mtoto mtundu.

Hesabu nayo ina shamba lake. Masisi inatengeneza jibini za duara. Mtoto aliyemwona mama akikata moja katika nusu na robo amekwisha kuanza sehemu kabla shule haijamtajia. Walikale mafuta ya mawese huuzwa kwa bidoni ya lita 20, na kaka waliokwenda mgodini Bisie wanajua mizani ya kasiterite ilivyo na ujanja. Mwalimu anayeanza na bidoni hajavunja programu. Ameitendea haki ile ngazi ya motisha ambayo kwenye fishi huandikwa kwa mstari mmoja.

Lipo tatizo la wale watoto watatu wa darasa la tatu. Kongo imekuwa na vituo vya marudio kwa waliopitiliza umri, ambavyo hufundisha miaka sita ya msingi kwa miaka mitatu. Fikra iliyomo, kumpanga mtoto kwa kile anachokijua badala ya umri wake, haina sababu ya kufungiwa huko. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi mwa Kenya ambako darasa la kwanza lilikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 80, kila shule ilipewa fedha za mwalimu wa ziada, katika utafiti wa Duflo, Dupas na Kremer. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango chao. Wenye kiwango cha juu walinufaika, na wa chini pia, jambo ambalo wengi hawakulitarajia.

Masisi haina mwalimu wa ziada. Mara nyingi hata yule wa kwanza hayumo kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa. Lakini shirika la Pratham la India limefanya jambo linalofanana na hilo kwa walimu waliopo: saa moja ya siku, shule nzima inasoma kwa wakati mmoja, na kila mtoto anakwenda kwenye chumba cha kiwango chake. Saa hiyo ikiisha, kila mmoja anarudi darasani kwake na fishi inaendelea.

Wapo watakaosema direkta hana muda, hasa yule wa shule ndogo ambaye ana darasa lake mwenyewe. Tuhesabu basi. Watoto watatu kwa kila darasa kwa juma, katika madarasa sita, ni watoto 18. Kwa majuma 35 ya masomo ni 630. Shule yenye watoto 600 ingemsikiliza kila mmoja mara moja kwa mwaka, peke yake, kabla ya mtihani wa taifa wa Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla kumfikia. Kwa darasa la kwanza na la pili mara moja haitoshi. Humo asikilize mwalimu mwenyewe, au mtoto wa darasa la sita anayesoma vizuri, au mzazi wa shirika la karibu, yaani jumuiya ndogo ya parokia, anayejitolea Jumamosi. Makala ya kwanza ya toleo hili inaanza na wazazi hao wa shirika.