Tembe za damu: wajawazito waambiwe yote

Kuna desturi katika baadhi ya zahanati zetu za Pwani ya Kusini, kuanzia Diani hadi Msambweni na kwingineko Kwale, ambayo kwa maoni yangu yafaa ikomeshwe. Mama mjamzito hukabidhiwa tembe za kuongeza damu, huamriwa azimeze kila siku, kisha huitwa mwenzake. Haambiwi kwamba huenda akashikwa na kichefuchefu au kiungulia, wala kwamba choo chaweza kuwa kigumu na kinyesi kugeuka cheusi. Wapo wauguzi wanaoeleza vyema, nao nawapa heko.

Weusi huo, kwa kawaida, hauna madhara; watokana na chuma ambacho mwili haukukitwaa. (Kinyesi kilaini chenye kunata kama lami ni jambo jingine, nacho kipelekwe kwa daktari mara moja.) Lakini mama asiyejua hudhani mtoto tumboni anadhurika. Tembe huishia chini ya godoro, na siku ya kliniki ikifika husema amezimaliza. Nimeyasikia haya kwa wazazi wa wanafunzi wangu mara nyingi mno hata siwezi kuwaita wakaidi.

Hakuna anayebisha kwamba tembe hizo zahitajika. Si bure kwamba Kiswahili kina neno safura tangu kale. Minyoo, kichocho na malaria vyote hupunguza damu, na mwenye damu chache akivuja anapojifungua hana akiba ya kumwokoa. Ndiyo sababu mjamzito nchini Kenya hupewa miligramu 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku. Mwili hutwaa sehemu ndogo tu ya chuma hicho. Kinachobaki matumboni ndicho aghalabu huleta usumbufu.

Kwa watoto wachanga mambo ni mazito zaidi, na ushahidi umetoka papa hapa kwetu. Utafiti uliofanywa Kwale na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuata watoto waliotiliwa unga wa virutubisho katika uji wa mahindi kuanzia umri wa miezi 6. Waliopata unga wenye chuma walionekana kuwa na bakteria waletao maradhi kwa wingi zaidi, na matumbo yao yakapata uvimbe. Kabla ya hapo, kisiwani Pemba, watafiti walilazimika mwaka 2003 kusitisha kuwapa watoto chuma na asidi ya foliki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba hatari ya kulazwa au kufa ilikuwa juu kwa asilimia 12 miongoni mwao. Hata hivyo, waliokuwa na upungufu wa chuma, na ambao maradhi yao yalichunguzwa na kutibiwa, walinufaika. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba penye malaria, chuma kwa watoto kiandamane na kinga na tiba ya malaria.

Watoto wa Kwale wameufunza ulimwengu, lakini sijamsikia hata mzazi mmoja kijijini mwangu akiuzungumzia utafiti huo. Je, ni haki?

Maelezo yanayohitajika hayazidi dakika tano. Anayechafukwa na moyo ameze tembe pamoja na chakula. Asiiteremshe kwa chai ya maziwa, kwani chai na maziwa huzuia chuma. Maji ya ndimu au embe husaidia. Akizidiwa asiache kimyakimya, bali amwambie muuguzi, ambaye aweza kubadilisha kipimo au ratiba. Na tembe ziwekwe mbali na watoto, kwa kuwa mtoto mdogo akimeza nyingi aweza kufa.

Walimu wa sayansi wanaweza kuyafundisha haya wanapofikia somo la damu, kwani wapo akina mama wasioweza kusoma maandishi ya pakiti. Binti yake aliye darasa la saba aweza kumsomea jioni hiyohiyo.