Filamu Iliyokataa Kutoka

Nilikwenda Ntimaru, kule Kuria Mashariki karibu na mpaka wa Tanzania, kuhudhuria arusi ya mwana wa rafiki yangu. Mzee mmoja alilipiga litungu hata watu wakasahau chakula, na kijana wa picha akayanasa yote. Siku ya tatu kijana akanijia, uso umemsawijika: "Mzee, filamu haitoki. Ikikaribia mwisho inakataa. Programu nimekwisha ifuta na kuitia upya mara mbili."

Nikamwuliza anaitoa wapi. Akanionyesha flashi ya GB 32, nafasi tele. Kumbe! Flashi ile ilipangwa kwa mtindo wa FAT32, wa tangu 1996, usiokubali faili moja kupita GB 4 hata kukiwa kitupu. Tukahamisha yaliyokuwamo, tukaipanga upya kwa exFAT, na filamu ikatoka.

Mimi naona vijana wetu, wa bara na wa pwani, wana haraka mno ya kulaumu programu. Lau ingalikwama kila mara katika dakika ile ile, ningalimwambia akague kipande cha mahali hapo, maana kipande kimoja kibovu huweza kuizuia filamu nzima. Kwanza tazama inakwama wapi, ndipo ushike dawa.

Lakini lililonitia hofu ni jingine. Kijana alikuwa keshaanza kufuta picha za asili katika kompyuta, ati apate nafasi! Mzee yule wa litungu amepita miaka 80. Angemrudisha lini mbele ya kamera?