Maoni: Sheria yenye maana mbili iamuliwe kabla dadu haijatupwa

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulitimiza miaka 50 kunako mwaka 2024. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 kule Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Tangu hapo kuna ugomvi mmoja ambao haujaisha mezani: maneno ya kitabu yakisomwa kwa namna mbili, nani anasema ni ipi ya kweli?

Kwa msikilizaji ambaye hajauona mchezo huu, watu wachache wanakaa pamoja mezani. Kila mmoja ana mhusika wake, shujaa wa hadithi, na nguvu za shujaa huyo zimeandikwa kwenye karatasi. Mmoja tu hana shujaa. Yeye ndiye kiongozi wa mchezo: anasimulia, anachezesha maadui wote, na ndiye mwamuzi pia. Jambo lenye mashaka linaamuliwa kwa dadu, hasa ile ya pande 20. Hakuna mshindi kama kwenye ludo. Lakini shujaa anaweza kufa, na mtu aliyemlea mhusika wake kwa miaka miwili, kisha akampoteza sababu ya neno moja la kitabu, anaumia kweli. Kuna makundi ambayo yamevunjika kwa jambo la namna hiyo.

Mfano mzuri ni wa mhusika mwizi, yule mjanja wa kisu na hatua za kimya. Nguvu yake kubwa ni pigo la kuvizia. Akimpata adui, anaongeza dadu za pande sita juu ya zile za silaha yake: moja akiwa ngazi ya 1, tatu akifika ngazi ya 5, kumi akifika ngazi ya 19.

Jina lenyewe tayari linagombanisha. Wengi wakisikia kuvizia wanafikiri ni lazima mwizi ajifiche kwanza. Kitabu cha mwaka 2014 hakisemi hivyo. Kinataka silaha ya wepesi au ya kupiga kutoka mbali, kisha moja kati ya mambo mawili. Ama mwizi awe na nafasi nzuri, ile ya kutupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa, ama adui mwingine wa yule anayepigwa awe karibu naye, kwa umbali wa futi 5, yaani kama mita moja na nusu, na mwizi mwenyewe asiwe katika nafasi mbaya. Kwa hiyo mwizi aliyesimama wazi mchana, mwenzake akiwa upande wa pili wa adui, ana haki yake yote.

Kwa nini basi watu wanakataa? Sababu ni historia. Mwizi aliingia katika mchezo mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza cha Greyhawk, na wakati ule alipaswa kupiga kutoka nyuma. Mwaka 2000 toleo la tatu lilibadilisha masharti, lakini wafu wanaotembea hawakuguswa kabisa na pigo hilo. Mwaka 2014 kizuizi hicho hakikuwemo tena. Mtu aliyejifunza zamani anakuja mezani na sheria ya zamani kichwani na kuisema kwa uhakika wote. Hasemi uongo, anakumbuka kitabu kingine. Aliyewahi kucheza karata na majirani wapya waliotoka kijiji kingine anaijua shida hii vizuri.

Ugomvi mkubwa zaidi uko kwenye maneno haya: mara moja kwa zamu. Katika mapigano, kila mhusika na kila adui anapata zamu yake, na zamu zote zikiisha mzunguko mmoja umekwisha, kama sekunde 6 katika hadithi. Wasomaji wengi wanaelewa kwamba mwizi ana pigo moja la kuvizia kwa kila mzunguko. Hata kwa Kiswahili, mtu akiambiwa mara moja kwa zamu, atasikia ni zamu yake mwenyewe. Lakini zamu ya mwingine nayo ni zamu. Adui akitoroka kando ya mwizi katika zamu ya adui huyo, mwizi ana ruhusa ya kumpiga mara moja kwa haraka, na masharti yakitimia, pigo la kuvizia linahesabika upya. Watungaji waliulizwa, wakajibu kwamba ndivyo ilivyo. Katika mzunguko mmoja, zile dadu tatu za ngazi ya 5 zinaweza kuwa sita.

Kiongozi anayeona hizo ni nyingi ana ruhusa ya kukataa, maana kitabu chenyewe kinampa neno la mwisho. Tatizo ni saa ya kukataa. Akisema siku ya kwanza kwamba kwenye meza yake ni mara moja kwa mzunguko, mchezaji atachagua mhusika mwingine, au atamchukua mwizi akijua anachopata. Akingoja mpaka mwizi atupe dadu, jitu lianguke, ndipo aseme hapana, amemnyang'anya mtu kitu alichokuwa nacho tayari mkononi. Na wengine mezani wataanza kujiuliza nguvu zao zitafutwa siku gani.

Kuna wanaojibu kwamba dawa ni kufuata herufi za kitabu tu, bila maneno mengi. Hilo nalo halitoshi. Kufwatana na kitabu cha 2014, mtu asiyeonekana alikuwa na mambo mawili: hawezi kuonwa bila msaada wa uchawi au hisia za pekee, na anayempiga anatupa dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Sasa mchawi anatumia dawa ya kuwaona wasioonekana. Anamwona adui wazi kabisa. Lakini jambo la pili liliandikwa peke yake, halikusema linakoma mtu akionwa, na Jeremy Crawford, aliyeongoza kazi ya sheria, alieleza kwamba ndivyo maandishi yanavyosema. Unamwona adui, na bado unampiga kama kipofu! Miaka 10 ikapita. Kitabu kipya cha mwaka 2024 ndicho kilichoandika kwamba faida hiyo haipo mbele ya mwenyi kukuona. Viongozi waliotumia akili yao muda wote huo walikuwa wameamua vizuri.

Kungoja jibu kutoka juu pia kuna mipaka. Gazeti la Dragon lilikuwa na ukurasa wa kujibu maswali ya sheria tangu 1979, na baadaye Crawford akajibu maelfu kwenye mtandao. Lakini kampuni ilisema wazi kwamba majibu hayo ya haraka ni ushauri. Rasmi ni yale tu yaliyokusanywa katika hati yao. Crawford mwenyewe aliondoka katika kampuni hiyo mwaka 2025.

Na ikiwa swali limezuka katikati ya mapigano, na hakuna aliyelifikiria? Hapo haki iko upande wa mchezaji, kwa siku hiyo. Yeye ana shujaa mmoja tu. Kiongozi ana majitu, mbwa mwitu na mazimwi bila hesabu; akipoteza moja, kesho anasimulia lingine. Kitabu kisomwe upya mchezo ukiisha, uamuzi uandikwe, na uwafunge maadui pia. Mwizi wa upande wa adui akipewa mapigo mawili ambayo shujaa alinyimwa wiki iliyopita, hiyo si sheria tena.

Kitabu cha 2024 kimebakiza maneno mara moja kwa zamu. Kwa hiyo swali la mwizi litarudi kwenye meza nyingi, na wenyi kuongoza wana nafasi ya kulijibu mapema, wahusika wakiwa bado sokoni wananunua kamba na mienge.